Glorious Akianguka

Litembo, 6 Februari 1995

Mdogo wangu Edmund,

Tumsifu Yesu Kristo. Usicheke, kuolewa kwa Wakatoliki kumenibadilisha hata salamu. Hujambo huko Mbamba Bay? Kifua cha mama kimepoa? Sisi wazima, mahindi yamestawi, na usipa uliotuma, dagaa wetu wa ziwani, tunaula taratibu usiishe.

Binti yako Glorious alifika salama, ameanza darasa la tatu. Ila Jumanne alianguka mstarini asubuhi. Watoto wakatawanyika kama wameona chui, na mwalimu mmoja akammwagia ndoo ya maji. Nilipofika alikuwa ameamka, ameloa, amekaa peke yake uwanja mzima.

Kwa nini hukuniambia? Sikuulizi kwa hasira. Naulizwa na watu. Ilianza lini? Akianza kuanguka, unatangulia kucheza mkono au macho? Mwalimu mkuu anataka abaki nyumbani mpaka apone. Mama mmoja, Emerensiana, amemhamisha binti yake Luisa dawati, anasema mate ya kifafa yanaambukiza. Ni kweli? Nimemuuliza mume wangu Othmar, akasema ndivyo alivyosikia. Alisikia kwa nani? Hakumbuki.

Nijibu upesi.

Dada yako,
Albina


Mbamba Bay, 20 Februari 1995

Dada Albina,

Shikamoo. Mama hajambo, anakusalimu, anauliza kama baridi ya huko bado kali. Shemeji Othmar naye mpe salamu zangu.

Nilinyamaza kwa kuogopa ungemkataa. Shule ya hapa ilimrudisha nyumbani mwaka juzi. Nikawaza, huko juu hakuna anayemjua, angalau atasoma muhula mmoja. Ilianza akiwa na miaka sita. Tumempeleka kwa waganga wawili, mmoja ng'ambo ya ziwa.

Mengine unayouliza siyajui. Mkono au macho, sijui. Akianza, mimi hugeuka pembeni.

Kama anawasumbua, mpandishe gari linaloshuka Jumamosi, nitampokea.

Mdogo wako,
Edmund


Litembo, 19 Machi 1995

Mdogo wangu Edmund,

Habari za tangu barua ile? Mama mwambie baridi ipo, lakini tumezoea.

Glorious simpandishi gari. Nilipokosa jibu kwako, nikamuuliza mwenyewe tukiwa tunapalilia maharage. "Kabla ya kuanguka unasikia nini?" Alijibu kama aliyekuwa akilingoja swali. Kwanza harufu ya mpira unaoungua, kisha kidole gumba cha kushoto kinacheza chenyewe. "Halafu?" "Halafu naona miguu ya watu inakimbia."

Nikaona kijijini anayeuliza kuliko wote ni Emerensiana, ingawa huuliza kwa ukali. Nikamfuata kwake. "Unaogopa mate. Mimi sijui kama yanaambukiza au la. Twende wote hospitali tukaulize." Akavuta kanga yake, tukaondoka na Glorious.

Nesi alituambia hayaambukizi.

"Hata wakila sahani moja?" Emerensiana akauliza.

"Hata sahani moja."

"Wakilala kitanda kimoja?"

Nesi akacheka. "Mama, nimewahudumia wagonjwa hawa miaka mingi. Umeniona naanguka?"

Glorious amepewa vidonge vya kumeza kila siku. Nesi alisema vitapunguza, huenda visimalize. Akatuonyesha la kufanya: mgeuze alale ubavu, ondoa vya kumuumiza, usimtie kijiko mdomoni, usimwagie maji, kaa naye mpaka arudi.

Tukawaita wazazi shuleni baada ya misa. Nikawaomba waje na maswali, uamuzi waache nyumbani. Mwalimu mkuu akasema wazi, "Akiungua au akiumia mikononi mwangu, nitamjibu nani?" Placidi, mzazi ambaye hana kawaida ya kusema mikutanoni, akasema, "Basi tusimwache mwalimu peke yake." Ndipo tukakubaliana mzazi mmoja ashinde shuleni kila siku kwa zamu, na jiko la uji tulizungushie ukuta wa tofali, maana hata wengine husukumana pale motoni. Wawili walikataa zamu. Hatukugombana nao.

Mwisho, ili kuwafundisha watoto waliokuja na wazazi wao, Emerensiana akajilaza kwenye nyasi na kitenge chake cha misa, akatikisika mwili mzima, kisha akatulia. "Haya watoto, nigeuzeni!" Unajua mwili wake. Walisukuma, wakacheka, mpaka akageuka.

Kesho Glorious anarudi darasani.

Dada yako,
Albina


Mbamba Bay, 30 Aprili 1995

Dada,

Shikamoo. Huku wote wazima.

Barua yako nimekaa nayo muda mrefu. Nilimtuma kwako asijulikane, wewe umemtangaza kwa kijiji kizima. Mwanamke mzima anajilaza kumwigiza mwanangu, watu wanacheka! Nani alimuuliza Glorious kama anataka?

Nakuja kumchukua mwezi ujao.

Edmund


Litembo, 14 Mei 1995

Mdogo wangu,

Pole na hasira, na salamu kwa mama.

Swali lako limenikaa. Nilimuuliza mengi mtoto huyu, hilo sikumuuliza. Sasa nimemuuliza. Tulipomaliza kumenya viazi, akasema, "Shangazi, walikuwa wanajua tayari. Walikuwa hawajui la kufanya tu."

Ila akasema pia kwamba wavulana wa darasa la tano wanacheza mchezo wa kuanguka kama Emerensiana, na hapendi. Nimempelekea Emerensiana habari hiyo. Alikaa chini, akashika kichwa. Jana alikwenda kuzungumza nao mwenyewe. Sijui kama wataacha.

Njoo. Lakini kabla ya kumfungia mzigo, nenda shuleni uangalie.

Dada yako,
Albina


Mbamba Bay, 12 Juni 1995

Dada Albina,

Shikamoo. Nilirudi salama, mama anashukuru kwa maharage.

Siku ile nilikuambia tu kwamba nimebadili mawazo. Sikuweza kusema zaidi mbele ya shemeji, kwa hiyo naandika.

Kule shuleni niliwakuta watoto kwenye foleni ya uji. Glorious aliniona, akaja mbio. "Baba, umekuja kunichukua?" Nikamwambia nimekuja kuangalia. Akasema, "Basi kaa pale kwenye benchi. Mzazi wa zamu ya leo anaumwa, hajaja." Nikakaa, nifanyeje? Watoto wakanizunguka. Ziwa lina mwisho? Mamba analala saa ngapi? Nilikuwa namjibu Luisa habari za mamba, Glorious akaanguka.

Mimi nikasimama nigeuke pembeni kama kawaida yangu. Luisa alikwishapiga magoti. Mmoja akasogeza bakuli, mwingine akakunja sweta akaliweka chini ya kichwa. Wengine wakabaki kwenye foleni wakiendelea na uji wao, na hilo ndilo lililonishinda, dada, kwamba waliendelea na uji. Nikapiga magoti pia. Kwa mara ya kwanza nikamtazama mpaka mwisho. Kinatangulia kidole, kama alivyokuambia.

Alipofumbua macho, Luisa akamwambia, "Uji wako upo."

Hapa kwetu yupo mtoto mwingine anayefichwa kwa ajili ya kifafa, jina lake Steven. Jana nilikwenda kwa baba yake, tukakaa. Hajanikubalia kitu, lakini aliniuliza maswali mpaka chai ikapoa.

Hapa chini naomba umsomee mwenyewe.

Glorious mwanangu, hujambo? Bibi anakusalimu. Nataka kujua jambo moja ambalo sijawahi kukuuliza. Ukifumbua macho pale chini, unapenda usikie nini kwanza? Niandikie kwa mkono wako, na shangazi asikusahihishe.

Baba yako,
Edmund