Tuzo Wakati wa Tangazo la Sabuni

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeteuliwa. Mimi! Miaka tisa naigiza mama mkwe mwenye roho mbaya kwenye runinga, miaka tisa natukanwa sokoni kana kwamba kuna mke wa mtu niliyemnyima chakula kweli, na leo ndiyo wamekumbuka kwamba ile ni kazi. "Mwigizaji Bora Msaidizi." Msaidizi! Nimsaidie nani? Yule Kope? Ndiye mkamwana wangu kwenye mchezo. Namwita hivyo kwa zile kope zake za kubandika. Akipepesa, karatasi za mezani zinaruka. Naye kateuliwa kundi lilelile. Kanikumbatia mbele ya watu wote, eti nikishinda mimi amesha­shinda yeye. Nyoo.

Tuzo zenyewe ni za kampuni ya sabuni. Mwaka jana Wimbo Bora ulikuwa wimbo wa tangazo lao wenyewe, na watu wazima na akili zao wakasimama kupiga makofi.

Nilimpigia mama. Akauliza: watakuonyesha? Nikamwambia ndiyo, moja kwa moja. Akasema basi atamwita mama mdogo waangalie pamoja. Mama hatembei tena. Dunia yake ni kitanda, dirisha na ile runinga. Hajawahi kuisifu kazi yangu. "Kugomba unajua" — basi, hapo ndipo sifa zilipoishia.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeitwa na msimamizi wa sherehe. Mwanamke wa kuvaa visikilizio masikioni hata anapokunywa chai. Anakuuliza wewe, anamjibu mwingine. Bi Masikio. Kiti cha wageni ofisini kwake ni kifupi hivi kwamba unakaa magoti yakigusa kidevu, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Akafunga mlango. Eti nimeshinda, ila nisimwambie mtu. Moyo uliruka, sitaficha. Halafu akanipa sumu baada ya asali. Atakayenikabidhi tuzo ni mzazi mwenzangu! Atapiga magoti jukwaani aniombe msamaha mbele ya taifa, mimi nimwinue, tukumbatiane.

"Watu watalia, mama!"

Huyo bwana alituacha binti yetu akiwa darasa la pili. Aliaga kwa meseji. Maneno matatu, na moja lilikuwa limekosewa herufi. Leo ana sinema mpya inatoka mwezi ujao, ndiyo toba imemshika. Mtu ambaye hakuwahi kuinama hata kuokota kijiko alichokiangusha mwenyewe!

Nikamwambia Bi Masikio: akipiga magoti nitamkwepa kama dimbwi. Akacheka. Nikarudia. Akaacha kucheka.

"Haya," akasema. "Tutaangalia ratiba."

Ijumaa, 7 Novemba

Binti yangu kaja kuninyooshea gauni. Kasikia habari — kwa baba yake, bila shaka. Anapiga pasi hanitazami, kisha:

"Mama, kwani akikuomba msamaha, wewe unapungukiwa nini?"

Nikamuuliza: wewe, baba yako ameshakuomba? Nyumbani, wawili tu, bila kamera?

Akarudia kunyoosha mkono uleule wa gauni aliokwisha kuunyoosha. Ningejua ningeufumba huu mdomo.

Jumapili, 9 Novemba

Niandike ya jana kabla hasira haijapoa.

Zulia jekundu lilianzia kwenye maegesho na kuishia kwenye kokoto. Unapigwa picha kama malkia, hatua inayofuata kisigino kimezama. Kijana mwenye maikrofoni akaniuliza nani kanivalisha. Nikamjibu nimevaa mwenyewe, mikono ninayo. Ndani, mshereheshaji anacheka vichekesho vyake kabla hajavimaliza. Washindi wote walikuwa "hawakutarajia", na wote walitoa hotuba mfukoni. Mkuu wa kampuni ya sabuni akahubiri kuhusu madoa hadi mtu wa mbele yangu akakoroma. Mzazi mwenzangu kapewa maua, sijui ya nini. Nywele zimetiwa piko, nyeusi kama kiatu.

Mimi nasubiri. Mgongo umenyooka, tumbo nimelibana. Nasubiri.

Mshereheshaji akatangaza mapumziko. Taa za kamera zikazima, nusu ya ukumbi ikakimbilia chooni. Ndipo akasoma jina langu! Upesi upesi, kama mtu anayeita mwenye gari lililoziba njia. "Tuko kwenye tangazo, mama, tuwahi." Nikapanda. Karani wa sabuni akanitia tuzo mkononi. Nikashika maikrofoni, nikasema, "Mama yangu —" Imezimwa. Wapiga picha wananywa maji.

Aliyesimama ni mmoja. Kope! Anapiga mluzi kama shabiki wa mpira, kope moja imening'inia shavuni, analia machozi ya kweli. Sasa huyu nimweke wapi? Nilikuwa nimeshamaliza kumdharau.

Asubuhi nikaipeleka tuzo kwa mama, nikailaza kitandani pake. Akaipapasa.

"Mbona sikukuona?"

Mama mdogo akasema walikaa mpaka mwisho. Tangazo la sabuni lilipoanza, mama aliwanyamazisha wote chumbani, akidhani ndiyo zamu yangu inaingia.

"Nilitaka kuona unavyopanda zile ngazi," mama akasema. Akageukia dirishani.

Jumatano, 12 Novemba

Bi Masikio kapiga simu. Watu mitandaoni wamewaka: kwa nini mama mkwe kakatwa? Mdhamini hapendi doa (kasema hivyo bila kucheka). Kwa hiyo kutakuwa na kipindi maalumu Jumamosi alasiri, kweli moja kwa moja. Nivae gauni lilelile. Nitapanda, nitahutubia. Ila magoti yapo palepale.

Nilimwambia maneno ambayo hata yule mama mkwe ninayemwigiza hajawahi kuandikiwa. Nikakata.

Nimeosha vyombo. Nimeviosha tena.

Nimempigia. "Saa ngapi?"

Jumamosi, 15 Novemba

Chumba cha kujipamba. Naandika mapajani. Nimefika wa kwanza, kabla hata ya fundi wa taa. Sijivunii.

Ukumbi mtupu. Viti vya mbele tu vimejazwa wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni; wanafundishwa kusimama kwa furaha. "Tena! Furaha zaidi!" Kope kaja bila kuitwa, kanifunga zipu, kaenda kukaa nao.

Kwenye mazoezi, bwana kapiga magoti juu ya mto uliofichwa nyuma ya maua. Magoti yake mabovu siku hizi. Akaninong'oneza, "Asante, mama mtoto." Nikamwambia piko inakutiririka shingoni. Akajifuta kweli! Kwa sekunde moja nikamwona mtu aliyechoka tu, na nikakasirika zaidi.

Mpambaji kauliza anitie dawa ya machozi. Nimemfukuza.

Meseji ya binti yangu: yuko kwa bibi. Bibi kaegemezwa mito, kavalishwa, hataki mtu apite mbele ya runinga.

Muziki. Tumeanza. Naona kila kitu kwenye skrini ya ukutani. Hee — kapiga magoti kabla ya wakati! Wimbo haujafika hata nusu. Mto umeteleza, unaonekana wote, wa maua maua. Anajaribu kuinuka. Hawezi. Kamera haina pa kwenda, inamtazama yeye, yeye anatazama mlangoni. Wa sabuni wamesimama kwa furaha.

Bi Masikio yuko hapa mlangoni, jasho linamtoka: "Mama, twende! Hawezi kukaa vile mbele ya watu!"

Nimemwambia nakuja, acha kwanza nimalizie sentensi