Hadithi Inayoishia Mtoni

4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mimi sijambo, mashine hazijambo, kiti kinalia kikizungushwa lakini nacho hakijambo. Shangazi yako anakusalimu na anauliza kama huko unakula au unaonja tu.

Kitabu kimefika! Asante sana, binti yangu. Nilikifungua mbele ya wateja, na Fundi Saa, ambaye sijamsikia akisifu kitu tangu tufahamiane, akasema karatasi yake ni nzuri. Yule mfalme wetu kinamwita Aleksanda Mkuu. Mimi nitaendelea kumwita Iskanda, maana tumeshazoeana. Nimekiegemeza kwenye kioo, kimefunguliwa penye picha ya yule farasi wake, hivyo anayenyolewa anamwona farasi na ndevu zake mwenyewe kwa pamoja.

Sheria ya duka ni ileile: anayekaa kitini anasikiliza, nami naanzia pale hadithi ilipoishia kwa aliyemtangulia. Muuza Mayai sasa anakuja kunyoa ndevu ambazo hana. Nikamwambia, "Ndugu yangu, hapa pana nywele tatu." Akanijibu, "Basi zinyoe polepole, nataka kujua lile fundo la kamba lililowashinda wote alilifunguaje." Nilipomwambia Iskanda alilikata tu kwa upanga, alikasirika kama ametapeliwa, na kesho yake akarudi.

Tukifika mtoni, askari wanapogoma kwenda mbele naye anakubali kugeuza, narudi mwanzo, kwenye farasi, kama nilivyokuwa nikikusimulia wewe ulipokuwa mdogo. Koo linanikwaruza kidogo. Ni povu la sabuni na maneno mengi, usihangaike.

Baba yako, Kinyozi


27 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, ingawa Shangazi ameshanipigia simu na kuniharibia matumaini hayo. Anasema sauti yako inakauka tangu mwaka jana. Anasema siku hizi unasimulia kwa kunong'ona, na wateja wanageuza vichwa kukusikia, hadi umemchanja mmoja sikio. Kweli, Baba?

Najua kanuni yetu: ya haraka kwenye simu, ya moyoni kwenye barua. Hii ni ya moyoni. Nenda kwa daktari.

Mimi mzima. Bado nashona viti vya mabasi, na mwezi huu ni ngozi bandia ya bluu, basi hata vidole vyangu vimekuwa bluu. Wenzangu wanashangaa ninavyoweza kushona na kuongea kwa wakati mmoja. Nawaambia nimekulia miguuni pa kiti cha kinyozi.

Unakumbuka nilipokuwa sekondari, mwalimu wa historia alipotuambia kwamba Iskanda hakufika kwao, kwamba alikufa kwa homa huko njiani angali kijana? Nililia mbele ya darasa zima, wakanicheka. Nikaja dukani nimenuna, nikakuuliza mbona hukuniambia. Ukaendelea kupaka mtu povu, ukasema, "Mwalimu wako ana haraka." Hadi leo nikikumbuka nacheka peke yangu. Asante, Baba, kwa miaka yote ile uliyomgeuzia njia kwa ajili yangu. Lakini koo lako si hadithi. Huwezi kulirudisha kwenye farasi.

Mwanao


19 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Hapa wote wazima isipokuwa mimi, kama ulivyosema.

Nimekwenda. Daktari ni binti wa rika lako, mpole, alinichorea kila kitu kwenye karatasi. Kwenye kisanduku cha sauti pana uvimbe mbaya. Wakiuondoa itabidi waondoe na kisanduku chenyewe, na tangu siku hiyo nitapumua kwa tundu la shingoni. Nitakula, nitatembea, nitanyoa. Kusema, basi. Kuna mashine ya kusemea, unaibana shingoni, lakini aliponisikilizisha inavyolia nikamwambia afadhali ninyamaze. Wakiuacha, utanimaliza.

Nimemshukuru, nimempa mkono, nimekataa.

Usinikasirikie. Kinyozi asiyesema ni wembe tu, na wembe unauzwa kila duka. Marehemu mama yako alinipenda kwa sababu ya mdomo huu, maana sura unaijua mwenyewe. Watu wanapita vinyozi wengine wenye viti vipya na feni, wanakuja kwangu kwa ajili ya Iskanda. Nikiwa bubu nitawapa nini? Niache niende nikiongea.

Nakushukuru kwa kila kitu, mwanangu. Hujanisumbua hata siku moja.

Baba yako


2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali, hali yako naijua. Na barua yako ina harufu ya kuaga, siipokei.

Tuzungumze habari za mtoni.

Ukisimulia vita unanyoa. Ukisimulia lile jangwa, Iskanda alipoletewa maji ndani ya kofia ya chuma akayamwaga kwa kuwa askari wake nao wana kiu, unanyoa. Ila mtoni, yule afisa mzee anaposimama mbele yake na kumwambia watu wanataka kuwaona wazazi wao, wanataka kuwaona watoto wao, hapo siku zote unashusha wembe. Unasema, "Huyu bwana hakuna aliyempiga. Aliowapenda ndio waliomshinda, na mimi hapo ndipo ninapompendea." Nimeyasikia hayo tangu sijajua kusoma.

Haya, Baba. Jeshi ni mimi. Niko peke yangu, nina vidole vya bluu, nimesimama mtoni na sivuki ng'o. Jifungie hemani kwa hasira, kama Iskanda kabla hajakubali. Nuna upendavyo. Kisha ugeuze.

Unasema utawapa nini ukiwa bubu. Sauti yako mimi ninayo, imenijaa kichwani tangu nizaliwe. Ninachotaka nikija ni kukukuta kitini umelala mdomo wazi kama kawaida yako. Naomba, Baba. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa, basi nakuomba hiki.

Mwanao


11 Aprili

Mwanangu,

Nimenuna vya kutosha. Nageuza.

Naingia hospitali Jumatatu. Jana nimesimulia kwa mara ya mwisho, nikahakikisha nimefika mtoni. Fundi Saa akasema, "Sauti imebaki ya mlango mbovu, lakini malizia." Nikamaliza.

Asante, jeshi langu.

Baba


20 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Shangazi anasema umetoka salama na daktari ameridhika. Anasema umekonda, umenyamaza, na hutaki kwenda dukani. Barua yako sijaiona. Kila siku mlinzi wa lango la karakana akiniona anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Haihitaji kuwa ndefu. Niandikie hata "sijambo".

Nimepewa likizo. Nakuja Agosti.

Mwanao


23 Juni

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mimi sijambo, na safari hii siandiki kwa adabu tu, ni kweli. Nisamehe kwa kimya changu. Nilikuwa najizoeza.

Kuna kipande cha Iskanda sijawahi kukusimulia. Alipolala mgonjwa sauti ilimwishia kabisa. Askari wakadai wamwone. Wakapita kitandani kwake mmoja mmoja, naye hakuweza kuwaambia lolote, ila aliinua kichwa kidogo na kumsalimu kila mmoja kwa macho. Miaka yote nilikiruka kipande hicho. Nilikiona cha kifo, na dukani kwangu sitaki kifo.

Sasa sikia. Nimelala wodini na mpira puani, mlango ukafunguka. Fundi Saa akaingia. Nyuma yake Muuza Mayai na trei nzima, nesi anamfukuza na yeye anamwambia, "Dada, haya hayajakaangwa, hayana makelele." Nyuma yao mtaa. Watu ninaojua visogo vyao kuliko sura zao! Nesi akakata tamaa, akawaambia basi piteni mmoja mmoja. Wakapita. Nami nikawa nainua kichwa, namtazama kila mtu. Mwanangu, nililia mbele ya watu kama wewe siku ile darasani. Hapo ndipo nilipokielewa kile kipande. Mtu amekosa sauti na ana watu wengi wa kuwashukuru, angefanyaje tena?

Hata hivyo dukani niliogopa. Shangazi yako ndiye aliyenisukuma, tena kwa mkono. Nimefungua, nimevaa kijibao shingoni na chaki mfukoni. Muuza Mayai akawa wa kwanza kukaa. Nikampaka povu. Ukasikika wembe tu. Nikajiambia, haya, mambo yameisha.

Akasema, "Kulikuwa na farasi anayeogopa kivuli chake."

Amesimulia yeye! Aliyefuata kitini akaendelea, na wa tatu, ndiyo sheria ya sasa: anayekaa kitini anasimulia. Na wanavyokosea, jamani! Kofia ya maji imekuwa jagi. Fundo limefunguliwa kwa meno. Fundi Saa anawasahihisha, naye anakosea zaidi. Mimi nanyoa na kuchekea tumboni, maana kicheko nacho hakitoki.

Juzi zamu ya mtoni ikamwangukia Muuza Mayai. Nikashusha wembe. Nikangoja arudi kwenye farasi. Hakurudi. Akasema, "Basi wakageuza. Njia ndefu, miguu imevimba, lakini wakafika. Iskanda alifika kwao jioni. Mama yake alisikia kwato, akatoka na taa kabla mwanawe hajabisha hodi." Na duka zima likaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyeshangaa. Siku zote nilipokuwa naishia mtoni, wao walijua amefika nyumbani.

Nikatoa chaki. Ukweli naujua, na kitabu chako kipo pale kwenye kioo. Muuza Mayai akanitazama, nusu ya uso ni povu, akaniuliza, "Vipi, nimekosea?"

Nikamkumbuka mwalimu wako mwenye haraka. Nikaandika, "Mama yake alisemaje?"

Akafuta povu mdomoni. Akasema, "Alimwambia ingia ule."

Nimemwacha afike, mwanangu. Mtaa mzima unampenda, nani anamkatalia?

Nakushukuru kwa ule mto. Nakushukuru kwa kila asubuhi ninayofungua duka hili. Agosti haiko mbali, na Shangazi ameanza kufua mapazia. Ukifika mlangoni sitaweza kukuita jina lako. Nitazame machoni.

Baba yako