Kwa Kaka Elia, Mtunzi wa Neno Moja

Kaka Elia,

Ninaanza kwa kukugombeza. Kuandika ilikuwa kazi yako, na sasa umeniachia mimi, nisiyejua hata barua nikutumie wapi.

Unakumbuka nyumba yetu ya mbao kule Ngungu? Uliandika ukutani kwa makaa: MULIMA. Ile MU ndogo kama chawa, ile LIMA kubwa toka dirishani mpaka mlangoni. Ukasema hilo ni shairi, limeisha. Papa alisimama na jembe begani, akaliangalia weee, halafu akauliza, "Elia, masomo yote ile, njo unatuletea neno moja?"

"Papa, ndani iko mawili."

Alicheka mpaka akaweka jembe chini. Mimi nilikuonea wivu. Nilikuwa ninaulima ule mlima kila msimu, na sikuwahi kuona kulima kumo ndani ya jina lake.

Halafu vita ikatufukuza mpaka huku Kirotshe, kwenye kibanda cha turubai. Siku watoto wako walipolia, uliandika NJAA juu ya turubai, ukafuta N kwa kidole gumba. Ikabaki JAA. "Basi, tumeshiba," ulisema. Mke wako aliwabeba watoto akatoka nje. Mimi nilitaka kukupiga! Asubuhi ukaenda kuvuna maharage yetu Ngungu kabla wenye bunduki hawajayala. Waliotoka huko baadaye walisema waliona koti lako njiani, wewe hapana.

Tulikungoja misimu na misimu. Mwishowe baba mdogo, anayeshika sasa nafasi ya Papa, akasema, "Muntu asipozikwa, nyumba haitulie. Tukate mugomba." Desturi unaijua: mwili usipopatikana, mgomba unalala mahali pake. Nilikataa, nikapiga kelele mbele ya wakubwa bila haya.

"Mukimuzika, nani atamutafuta tena?"

Mama ndiye aliyenijibu, polepole. "Muache, mwanangu. Mimi nimechoka kusikiliza mulango."

Tulikuzika Jumamosi. Mama aliuosha mgomba kwa maji ya uvuguvugu, akauvisha shati lako la harusi, akafunga vifungo vyote. Ulikuwa mzito, kaka, wanaume walipokezana. Mchungaji akanipa msalaba niuandike. Nikaandika ELIA, na nikaona LIA imekaa humo ndani. Wewe ungeikuza. Mimi niliziacha herufi zote sawasawa, kwa sababu mama alikuwa ananiangalia.

Sasa mama analala usingizi. Mke wako ameanza kusalimia watu. Mimi nina hasira nao wote, na nina hasira na wewe zaidi, kwa sababu ninakupenda na sina mahali pa kukupendea.

Kama wale wenye bunduki walikupeleka Walikale, kule msituni, kuwabebea mizigo, na bado unapumua, rudi. Rudi utuaibishe sisi wote tuliokuzika. Baba mdogo atakasirika, mchungaji atakimbia, na ule msalaba nitaung'oa kwa mikono yangu.

Ni mimi,
dada yako mdogo