Kila Mahali Mara Mbili

Ghorofa ya nne, ngazi za nyuma,
Ugenini.
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa tisa.

Mpendwa wifi yangu, mama kijacho wa juzi na mama kamili wa leo,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo na mtoto mkononi. Habari za uzazi? Mgongo umepoa? Maziwa yanatosha? Mtoto analala, au ndiyo anawakesheza? Na shemeji je, ameshajifunza kumbeba bila kukaza shingo kama aliyebeba mayai?

Sisi hapa hatujambo. Kaka yako mzima, ingawa mafua yamemzoea. Mwanetu Chiriku ametimiza miaka kumi na moja, mzima yeye na mdomo wake. Mimi mzima. Na mama mzima. Hilo la mama nimeliweka mwisho makusudi, na nalirudia ili ulisome vizuri: mama ni mzima. Sasa kaa chini.

Najua barua hii umeipokea shingo upande. Tangu mwezi wa sita simu zangu hupokei, za kaka yako unakata, na shemeji akipokea anaongea kama mtu anayechungwa. Hata habari kwamba umejifungua mtoto wa kike tuliipata kwake, kwa maneno manne, akakata. Sikulaumu. Ningeiona ile picha mimi, ningefanya hivyo hivyo na matusi juu.

Picha yenyewe ni ile aliyokutumia Chiriku. Mama amesimama kwenye bustani ya maua, amefungwa kitambaa machoni, mkono mmoja ameunyoosha, na sisi nyuma yake tunacheka mpaka magego yanaonekana. Ukajibu mstari mmoja tu: “Nilimleta mama kwenu apumzike, sikumleta afanywe mdoli.” Neno hilo lilinichoma, wifi. Nililia jikoni siku mbili, na kaka yako akala chakula kilichoungua bila kutia neno.

Leo naruhusiwa kusema. Aliyenifunga mdomo amenifungua.

Unakumbuka mama alikuja kubadili hewa. Hata sisi ndivyo tulivyojua. Wiki ya kwanza akamimina chai pembeni ya kikombe. Wiki ya pili akaingia sebuleni, akalisalimia koti la kaka yako lililotundikwa mlangoni, akasimama kungoja liitikie. Tukacheka, naye akacheka, halafu nikamtazama vizuri nikaona hacheki. Kumbe mwenzetu mwaka mzima alikuwa anashona kwa kupapasa, na wewe uliye naye nyumba moja hukugundua. Usijilaumu. Kwa kuficha, mama yako ni hodari.

Kaka yako akampeleka kwa daktari wa macho, na Chiriku kwenda kutafsiri, maana lugha ya watu bado inampiga chenga kaka yako. Jicho la kushoto lilikwisha zimika zamani, presha ya macho imelimaliza. La kulia lina presha hiyo hiyo, na mtoto wa jicho juu yake. Mama akauliza, “Nimezaa wawili tu, huyu wa tatu kaingilia wapi?” Daktari alisema lazima lipasuliwe, ila limechoka, linaweza kupona, na linaweza kuzimika hapo hapo mezani. Foleni ilikuwa ndefu, nafasi ingepatikana baada ya miezi mitatu.

Tuliporudi nikachukua simu nikupigie. Mama akanishika mkono. Wewe wakati huo ulikuwa na mimba ya miezi sita, mimba uliyoingoja miaka tisa, na umeambiwa usinyanyuke kitandani. Mama akasema, “Akisikia, atainuka. Namjua mwanangu. Akiinuka, mtoto hatakaa. Mtu asitie neno mpaka nitakaposema mimi.” Akatulisha kiapo mmoja mmoja, hadi Chiriku, na kumnyamazisha huyo ni sawa na kuziba bomba kwa kidole.

Kesho yake asubuhi akatoa amri nyingine. Amekuja nchi ya watu, na hajaona chochote zaidi ya ngazi zetu. Atembezwe.

Wifi, niliona aibu. Miaka minne tuko hapa, nasi hatujatembea. Kazini, dukani, nyumbani, basi. Kaka yako anajua karakana yake ya kuchomelea mageti. Mimi nafua mashuka ya hoteli, watu wanatoka mbali kuja kuutazama mji huu, na mimi mji wenyewe naujua kwa madoa yao tu. Ilibidi tumuulize mwalimu wa Chiriku wageni huwa wanakwenda wapi.

Basi kila Jumapili tukawa watalii. Lakini mama alitaka kila mahali tuende mara mbili. Jumapili ya kwanza anakwenda na macho yake, anasogeza uso karibu, anauliza hii ni rangi gani, anahesabu hatua. Jumapili ya pili tunarudi pale pale. Anatoa kitambaa mkobani, anajifunga macho mwenyewe, anamwambia Chiriku amshike kiwiko. Watu wanageuka kututazama. Siku ya kwanza nilidhani ni mzaha wa kizee, nikamwambia mama, utatuaibisha. Akanijibu taratibu kwamba anajaribisha. Anataka kujua siku jicho likizimika atabaki na nini.

Niliomba kwenda chooni, nikajifungia humo nikalia.

Ile picha ndiyo hiyo. Jumapili iliyotangulia, mama alikuwa ameihesabu njia ya bustanini: hatua arobaini na tatu kutoka kwenye benchi mpaka kwenye bomba la maji, ukipinda kushoto kwenye harufu ya mawaridi. Siku ya picha alimfukuza Chiriku kwenye kiwiko, akaenda mwenyewe, peke yake, akanyoosha mkono na kulikamata bomba lenyewe kama aliyemkamata mwizi. Tulicheka kwa furaha, wifi. Chiriku akapiga picha na kukurushia kabla sijamzuia. Alijua ameapa kufunga mdomo. Hakujua kama kiapo kinahesabu na picha.

Kwenye mnara wa saa kuna ngazi mia mbili na kumi na mbili. Kaka yako alikaa chini mara tatu. Mama, macho yamefungwa, alimpita kwenye ngazi ya mia na hamsini na kumwambia apunguze kukaa. Juu kabisa akaniambia nimweleze ninachokiona. Nikaanza: mto, daraja, magari. Akanikatiza, “Umeruka lile paa jekundu.” Alikuwa amelihifadhi tangu wiki iliyotangulia. Nilifurahi na moyo ukaniuma kwa wakati mmoja, hata sijui nikuelezeje.

Jumba la makumbusho ndilo lililotuvua nguo. Kuna vazi la mfalme wa zamani, limezungushiwa kamba. Mara ya kwanza mama aliligandia nusu saa, anataka kujua pindo limekunjwa mara ngapi. Mara ya pili, na kitambaa chake machoni, akahesabu hatua, akaisukuma kamba kwa tumbo, akalishika pindo. Kengele zikalia jumba zima! Mlinzi akaja mbio, pande la mtu, funguo zinagongana kiunoni. Kaka yako akanyoosha mikono juu, sijui nani alimwambia ajisalimishe. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Chiriku ndiye aliyetuokoa. Akammwagia mlinzi maneno: bibi ni fundi cherehani, macho yanakwisha, anataka kukumbuka.  Mlinzi akaenda akazima kengele, kisha akatuongoza chumba cha nyuma, ambako wana mfano wa vazi lile, ulioshonwa kwa ajili ya watoto wa shule, nao unaruhusiwa kushikwa. Mama akalipapasa pindo zima, nje na ndani, na kutoa hukumu kwamba aliyelishona alikuwa mvivu. Chiriku akakataa kutafsiri.

Ulipojifungua, tulimsihi mama atufungulie tukwambie. Akakataa katakata. Alisema mzazi mbichi haletewi habari ya kusubiri, aletewe iliyokwisha. Ila siku hiyo hakula. Alikaa kitandani anauliza mtoto ana rangi gani, ana nywele nyingi au chache, na hakuna aliyejua kumjibu, maana hupokei simu. Wifi, siku hiyo nilikukasirikia kweli, nakwambia bila kuficha. Halafu nikakumbuka kwamba kosa ni letu.

Upasuaji ulikuwa Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa nane. Tulikaa kwenye ukumbi wa hospitali kwa muda wa saa mbili na nusu. Kaka yako alibandua karatasi yote ya chupa ya maji, akaanza kuichana vipande.  Daktari alipotoka alisema kazi imekwenda vizuri, lakini majibu ni kesho akifunguliwa.

Kesho yake tukaingia wote watatu. Muuguzi akabandua plasta taratibu, akatoa pamba. Mama akapepesa. Daktari akanyoosha vidole viwili mbele yake, akauliza ni vingapi. Kimya. Akauliza tena, Chiriku akatafsiri. Mama shingo ameinyoosha mbele tu. Mimi nilisema moyoni, basi, limekwenda.

Ndipo akasema, “Mwambieni daktari kifungo chake cha pili kimeshonwa kwa uzi mweusi, na hivyo vingine ni kwa mweupe.”

Wifi, nilikaa sakafuni pale pale. Muuguzi akadhani nimezimia. Kaka yako, na mwili wake wote ule, alilia kwa sauti kama aliyepigwa. Daktari alikitazama kifungo chake, akaona kweli, akacheka mpaka akavua miwani.

Jicho ni moja, na matone ni ya kila siku asubuhi na jioni mpaka mwisho, usije ukasema tena tumekuficha. Lakini linaona. Linaona vumbi juu ya kabati langu, linaona mvi za kaka yako, na jana limeona nimeongeza chumvi kabla mama hata hajaonja. Juzi daktari amelikagua mara ya mwisho, ndipo mama akatufungua midomo, nami nimeshusha pumzi ambayo niliibana tangu mwezi wa tano. Jumapili iliyopita tulimuuliza anataka kwenda wapi. Alisema majumba yametosha, akavuta kiti dirishani na kushinda anatazama nguo za majirani kwenye kamba.

Nimekwambia yote. Kama bado umekasirika, una haki. Nipigie unitukane, nitapokea kabla haijalia mara ya pili. Lakini tafadhali mpigie na mama.

Msalimie shemeji, umwambie simu si bomu, aongee. Msalimie ba'mdogo na kikohozi chake, na mama wa duka la mkabala anayetuulizia kila mara, na mafundi wote wa kibandani kwa mama. Wasiiguse cherehani yake, amesema atajua. Mbusu mtoto kisigino kwa niaba yangu. Mungu amkuze, akulinde wewe, na atukutanishe tukiwa tunacheka.

Mimi wifi yako, nikupendaye hata ukininunia,
mke wa kaka yako.

Nilikuwa nafunga bahasha, mama akaniomba nimwachie nafasi hapa chini na kalamu. Amekataa nisimame nyuma yake.

Mwanangu,
Huu ni mwandiko wangu. Umepinda kidogo lakini mistari naiona. Usimgombeze wifi yako, niliwafunga midomo mimi. Nakuja mwezi ujao, kaka yako ananileta. Siku ya kunipokea mtoto usimfunike uso.
Mama yako.