Kilio Tulichofungua Kalundu

Jumatatu, 3 Juni

Tangawizi, maji ya moto, chumvi kidogo. Sauti iko vizuri leo. Nimejifungia bafuni na kuimba kuanzia chini hadi juu. Jirani amegonga ukuta mara mbili. Azoee. Miaka ishirini na sita napanda jukwaani hapa Uvira, tangu nilipokuwa malaika wa Noeli kwenye ukumbi wa parokia, na bado sijampata jirani anayependa mazoezi.

Fidele, mwongozaji wa filamu, ametugawia ratiba. Kwenye filamu mambo hayafuati mpango wa hadithi. Nitafiwa Ijumaa, nitaolewa wiki ijayo. Tumecheka. Halafu nikasoma vizuri. Ijumaa, ufukwe wa Kalundu: mjane anaimba wimbo wa kilio.

Nimeacha kucheka.

Jumanne, 4 Juni

Niandike wazi, hakuna atakayesoma.

Deo, mdogo wangu, alikuwa baharia kwenye boti la mizigo. Boti liliondoka Kalundu mwezi wa kumi, upepo ukalipindua. Wengine waliokotwa. Yeye hapana. Miezi minane sasa.

Mama, kule Nyakabere, amekataa kilio. Kwetu mzazi ndiye analia wa kwanza. Ndipo mikeka inatandikwa, moto unawashwa uani, watu wanakuja. Kabla ya yeye kulia, hakuna mwenye ruhusa. Ukimtangulia, umemzika mtoto wake kwa mdomo wako. Mama anaomba misa ya wasafiri, si ya marehemu. Amelima hata shamba la Deo, ili akirudi asikute magugu.

Mimi naamini amekufa. Sijamwambia mtu.

Na wimbo wenyewe si wa kutungwa. Ni ule ule wa Kirundi ambao wanawake wa bonde la Ruzizi wanauimba kwenye mkeka. Kundi letu la maigizo tulikuwa tukiuimba katika mchezo wetu wa mjane miaka yote na watu wakilia vizuri na kurudi nyumbani. Tangu boti lile niliwakatalia wenzangu kuucheza. Kisha akaja Fidele, akataka kuugeuza filamu, na mjane niwe mimi. Filamu yangu ya kwanza kuwa mhusika mkuu. Kabla ya hapo nilikuwa mama mkwe mbaya, mchawi, jirani mwenye mdomo. Nilitia saini nikijidanganya kwamba wimbo ule utakatwa.

Jumatano, 5 Juni

Nimemwendea Fidele. Nimemweleza habari ya Deo na ya Mama. Amesikiliza kwa adabu. Ni kijana mzuri, wa Bukavu, mila zetu anazijua kwa kuhadithiwa. Akasema bila wimbo ule filamu haina moyo. Basi nikae tu kwenye mkeka, nichezeshe midomo, Neema ataimba.

Neema ana miaka ishirini na mbili. Tangu Januari ananibebea mkoba na kukariri sehemu zangu. Ananiita dada, tena kwa heshima. Sauti yake ni safi kama sahani iliyooshwa, na haijawahi kufiwa na mtu.

Nikasema nitaimba mwenyewe.

Hakuna aliyenilazimisha. Ni kiburi. Nimekiandika ili nisije kumsingizia mtu.

Alhamisi, 6 Juni

Mama amepiga simu. Ameuliza kesho tunapiga picha ya nini. Nimesema harusi. Akacheka, akaniambia nisivae viatu virefu.



Ijumaa, 7 Juni

Nitaandika kwa mpangilio, la sivyo nitachanganyikiwa.

Saa nne asubuhi. Mkeka ufukweni, moto wa kuni, wanawake sita wa kundi letu wamejifunga vitenge kifuani. Fidele alitaka kutupata kwa mbali, na ziwa nyuma yetu, kwa hiyo yeye na kamera walipanda juu ya ghala. Kutoka chini huwaoni. Hapo ndipo kosa lilipo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona.

Nikaanza. Nilikuwa nimepanga kuimba kwa koo tu. Mtu wa kazi yangu anajua kulia huku anahesabu hatua. Ubeti wa kwanza ulipita. Kwenye wa pili pumzi ikatoka mahali pengine kabisa. Sikumwona tena mume wa mchezoni. Nilimwona Deo akifunga kamba, shati likiwa begani.

Wachukuzi wakasimama, magunia mgongoni. Kisha Mama Sikujua akaja. Anauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, pale bandarini, Deo alikuwa akila kwake kila siku. Aliona nini? Dada yake Deo kwenye mkeka, moto unawaka, wimbo wa kilio unaimbwa. Akaweka beseni chini, akashika kichwa, akalia. Akamwita Deo kwa jina. Wenzake wakafuata. Wauza samaki, wanawake wa mkaa, mabaharia wawili waliofanya kazi na Deo. Waliniangukia shingoni. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, “Aksanti Mungu, mama yake amekubali. Tulingoja sana.”

Ningenyanyuka. Ningesema neno moja tu, filamu. Sikulisema. Niliendelea kuimba, nao wakaendelea kulia, na nilijisikia vizuri. Hilo ndilo baya kuliko yote. Miezi minane sikuwa nimejisikia vizuri vile.

Fidele aliposhuka alikuwa anatetemeka kwa furaha. Nilipomweleza, furaha ikamwisha. Tukaanza kuwaambia watu mmoja mmoja. Mama Sikujua akachukua beseni lake, akaondoka. Wengine walikuwa wameshapiga simu.

Kutoka Kalundu hadi Nyakabere habari haihitaji pikipiki. Nimempigia Mama mara kumi na moja. Hapokei.

Jumamosi, 8 Juni

Amekuja.

Pikipiki ilimshusha mlangoni saa moja asubuhi, vumbi hadi kwenye nyusi. Amekataa chai. Amekataa maji. Amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kuitwa ofisini. Nilipiga magoti nikaanza kueleza kamera, ghala, ratiba, Fidele. Nilisema sana. Akanyanyua mkono nikanyamaza.

“Minye nakuuliza kitu kimoja tu,” akasema. “Ulilia juu ya kazi, ao ulilia juu ya Deo?”

Nilijua kila jibu linafungua mlango gani. Nikisema kazi, basi hakuna kilichofunguliwa. Wanawake wa Kalundu walidanganyika, wataudhika, yataisha. Mama atarudi kwenye misa yake ya wasafiri. Nami nitaolewa wiki ijayo mbele ya kamera. Na kudanganya najua. Ndiyo kazi inayonilisha. Uso nilikuwa nao tayari, sauti nilikuwa nayo, hata ile pumzi ndogo ya mtu aliyeonewa nilikuwa nimeshaivuta.

Alinitazama mikononi, si usoni. Toka utoto wangu ananisoma mikononi.

“Juu ya Deo,” nikasema.

Hakunipiga. Heri angenipiga.  Jirani aliwasha redio, akaizima. Nilihesabu misumari ya bati kwa sababu sikuweza kumwangalia. Baadaye akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Umenitangulia, mwana wanje, mtoto wangu.” Akaomba wembe.

Jumapili, 9 Juni

Nyakabere. Nimenyolewa, kama wafiwa wa kwetu. Mama kwanza, halafu mimi, halafu shangazi. Upepo wa ziwani unaingia kichwani moja kwa moja.

Watu wamejaa uani. Mama amelia mbele yao, kwa utaratibu, kama mzazi anavyopaswa. Mimi hajanisemesha tangu jana. Ananipa kazi kwa kidole: maji, kuni, ile sufuria. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Kwetu sisi kilio chenyewe ndicho tulichokificha.

Jumatano, 12 Juni

Fidele amepiga simu. Harusi ni kesho, na amesikia nimenyolewa, je, ni kweli? Nikamwambia. Akasema kuna nywele za bandia Bujumbura, anaweza kutuma mtu. Nikasema tatizo si kichwa. Aliye kwenye kilio haimbi nyimbo za harusi wala hachezi, hata kwa mchezo, na mimi kwa mchezo nimeshafanya ya kutosha.

Basi Neema atavaa vazi la bibi harusi, watampiga picha kwa nyuma, na wimbo wa harusi ataimba yeye. Nimekubali. Nimemwonea wivu. Wimbo ule nimeufanyia kazi miezi mitatu, na pale juu unapopanda nilikuwa naupanda vizuri kuliko yeye atakavyoweza. Na mwanzo wa filamu ni wa bibi harusi. Watu watamkumbuka huyo.

Kisha akauliza kama anaweza kutumia picha za Ijumaa. Jina la Deo linasikika humo, mara nyingi. Nikasema si langu kutoa. Akabisha, akanikumbusha saini yangu. Nikamwambia aje amwonyeshe saini hiyo Mama.

Ijumaa, 14 Juni

Amekuja kweli. Mwoga hakuwa, hilo nakubali. Kwanza alipita Kalundu kuomba radhi, na Mama Sikujua akaja naye, beseni la ndagala kichwani. Hakunisalimu. Alimsalimu Mama.

Fidele akakaa mkekani, akafungua kompyuta yake, akamwonyesha. Mama ameitazama mara tatu. Sikuona wapi anaangalia. Nilidhani atasema ifutwe, na nilitaka aseme ifutwe, na nilitaka aseme ibaki. Yote mawili, kwa nguvu sawa.

Akasema, “Jina libaki. Bamwite. Pale batu ba Kalundu banamwita muzuri.”

Akamfungia Fidele muhogo wa njiani.

Jumapili, 16 Juni

Watu wamepungua. Leo misa ilisomwa kwa ajili ya marehemu, na jina la Deo likatajwa. Mama hakuinua kichwa.

Mchana tulikuwa wawili tu, tunachambua mboga ya lengalenga. Nilikuwa nimezoea kimya chake, kwa hiyo aliposema nilishtuka. Alisema Ijumaa ile niliimba vibaya. Nikadhani ni hasira, kumbe ni masahihisho. Ule niliouimba ni wa mke anayemlilia mume. Wa mama anayemlilia mtoto maneno yake ni mengine, na unaanzia chini zaidi. Miaka yote ile jukwaani, na hakuna aliyeniambia.

Akaanza kunionyesha, majani mapajani, macho kwenye majani. Sauti yake ni nyembamba, na pale juu inampotea. Ningeweza kuichukua kutoka hapo. Sikuichukua. Nilishika sauti ya pili, chini yake, na kumngoja kila alipopumzika.

Tulipomaliza akanipa kisu, nikakate vitunguu.