Masatu na Sheria ya Pampasi

Jumamosi, 3 Januari
Nimefua kaptula tena. Kamba imejaa, majirani watadhani nina watoto kumi. Ninaye mmoja, Masatu, anakaribia miaka mitatu. Poti niliyomnunulia ameivaa kichwani na hataki kuivua. Tabitha kaja jioni kutoka Bunda. Amehamishiwa zahanati ya huko, kwa hiyo mke wangu siku hizi namwona wikiendi tu. Dada wa kazi alikwenda kwao Krismasi, kapiga simu kuwa anaolewa, harudi. Nimempongeza. Sikufurahi hata kidogo.

Jumatatu, 5 Januari
Nimekwenda kwa Madam Perusi, mwenye kituo cha watoto hapa Kitaji, Musoma. Mama mnene, mnyamavu, hacheki. Nafasi ipo. Kisha akamtazama Masatu kuanzia kiunoni kushuka chini.
"Mimi pampasi sipokei, baba Masatu. Mtoto aseme mwenyewe akibanwa. Huyu anasemaga?"
Nikasema anasemaga. Uongo mtupu. Hapo hapo Masatu akawa kimya, macho yamemtoka, amekunja magoti. Nikambeba haraka tukaondoka.
Kituo kinafunguliwa Jumatatu ijayo. Atajaribiwa siku hiyo. Akijichafua, nafasi anapewa mwingine.
Tabitha kasema kwenye simu kwamba ikishindikana Masatu akakae Butiama kwa bibi yake. Nikajibu sawa. Si sawa. Nyumba hii bila mke na bila mtoto nitafanya nini humo? Nitaongea na friji.

Jumanne, 6 Januari
Jirani kanishauri nimkalishe kwenye poti kila baada ya uji. Nimemkalisha. Nimemwimbia. Nimefungulia bomba asikie maji. Mimi ndiye niliyebanwa, nikaenda chooni. Kurudi, poti kavu, nyuma ya mlango dimbwi. Masatu ananionyesha kwa kidole kama amelikuta tu.

Jumatano, 7 Januari
Nimekwenda naye dukani. Mimi ni fundi simu, duka langu ni meza tu sokoni, haina pa kuficha mtoto. Mwalimu wa kwaya alikuwa amekaa anasubiri nimbadilishie kioo. Masatu akamkumbatia mguu. Nikaona anapendeza. Kumbe.
Mwalimu kavua kiatu, kakimwaga, kakivaa. Kasema watoto ni baraka. Nimembadilishia kioo bure. Nimechoka.

Alhamisi, 8 Januari
USHINDI. Nilimwahidi biskuti. Kakaa, kakojoa, kala. Nimempigia Tabitha akiwa kazini na wagonjwa wakimsubiri. Kafurahi, kakata simu.
Jioni. Si ushindi. Mtoto amegundua kitu. Anakojoa tone moja, anasimama, ananyoosha mkono. Anakula. Anakaa tena. Tone. Huyu atakuwa mfanyabiashara.

Ijumaa, 9 Januari
Biskuti zimekwisha. Kaniangalia nikikung'uta pakiti tupu, kisha akalowanisha kochi. Lote, bila haraka.

Jumamosi, 10 Januari
Butiama, kwa wakwe. Tabitha kaja moja kwa moja kutoka Bunda, tumekutana huko.
Mambo ya choo hayazungumzwi na mama mkwe. Mimi hata kumtazama usoni sithubutu, napitia pembeni. Naye heshima yake ni hiyo hiyo: jambo la kuniambia mimi anamwambia mjukuu. Basi siku nzima nimeshauriwa kupitia mtoto aliyekuwa anakula udongo.
"Masatu, mwambie baba yako poti ni ya mgonjwa."
Nikasema, "Masatu, mwambie bibi nimesikia."
Saa ya kukamua akamchukua zizini, bila kaptula. Nikafuata kwa mbali. Wakasimama tu, bibi na mjukuu. Ng'ombe mwekundu akalia, muuu, akainua mkia, akakojoa mkojo wa kujaza ndoo. Masatu akamtazama kwa heshima kubwa. Kisha naye akakojoa, miguu ameipanua, tumbo mbele. Kamaliza yote. Hakuomba biskuti.
Mpaka giza linaingia amekwenda zizini kila alipobanwa. Kaptula kavu.
Chakula cha usiku, mama mkwe kasema, "Masatu, mwambie baba yako huku kwetu hakuna mtihani wa kukojoa. Ungebaki."
Tabitha kaniangalia. Nikasema tungoje Jumatatu. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Mama mkwe akaniongezea mboga, kwa mkono wake, bila kupitia kwa mtu.

Jumapili, 11 Januari
Nimerudi naye Musoma alfajiri, Tabitha kabaki kwao, kesho anaunganisha Bunda. Nikawahi ibada. Kwenye sala ya kimya, kanisa zima limeinamisha vichwa, Masatu akasimama juu ya benchi.
"Baba. Ng'ombe."
Sikuelewa. Akashika kaptula. "Ng'ombe!"
Nikaelewa. Nikatoka naye mbio mpaka choo cha kanisa. Kasimama hapo, hakojoi. Ananitazama. Anasubiri. Nikajua anasubiri nini.
Nimelia kama ng'ombe. Mara ya kwanza kwa aibu, haikutosha. Mara ya pili kwa kifua. Mtoto akakojoa vizuri sana. Nilipofungua mlango mzee wa kanisa alikuwa amesimama nje, anasubiri zamu yake. Tulisalimiana.
Ila kasema mwenyewe! Kwa mdomo wake, kabla. Nilitaka kulia machozi. Labda nililia kidogo.

Jumatatu, 12 Januari
Nimemkabidhi kwa Madam Perusi asubuhi. Kavaa kaptula mpya. Habari ya ng'ombe sikuisema. Nilijaribu, maneno yakakataa.
Dukani sikufanya la maana. Simu ya mteja nimeifungua, nimeifunga, skrubu zimebaki mezani. Nilishaanza kupanga nguo za Butiama kichwani, zipi akae nazo.
Kabla ya mchana simu ikaita. Madam.
"Baba Masatu, mtoto wako nimemfikisha chooni, amesimama tu. Anasema ng'ombe. Ng'ombe ndiyo nini?"
Wateja walikuwa watatu mezani. Nikainama chini ya meza nikamweleza.
"Unataka mimi nilie kama ng'ombe."
"Mara moja tu, Madam. Kwa kifua."
Akakata.
Nikaacha duka kwa mwenzangu wa meza ya pili, nikapanda bodaboda. Njia nzima namwona mtoto wangu amekaa mlangoni na mfuko wa nguo zilizolowa. Nikafika getini. Geti limefungwa. Nikasikia, kutoka nyuma ya jengo, sauti nzito, ndefu, ya mtu anayejua ng'ombe tangu utotoni. Muuuu. Halafu watoto wote wakaitikia, zizi zima.
Madam akanifungulia mwenyewe. Uso ule ule. Kamshika Masatu mkono, kaptula kavu.
"Nafasi yake ipo," akasema. "Lakini hii haitoki nje ya geti."
"Haitoki, Madam."
Ninaandika hapa tu. Tabitha nilimwambia kafaulu. Akasema alikuwa amekwisha kumwambia mama yake asimtandikie Masatu kitanda. Sikujua kwamba alikuwa upande wangu.

Alhamisi, 15 Januari
Madam anasema leo Masatu amekwenda chooni mwenyewe, kamfuata mtoto mwenzake, hakuomba sauti ya mtu. Nilimshukuru. Kasema watoto wengine watatu sasa ndio wanaidai. Hakutabasamu. Alikaribia tu.

Jumamosi, 24 Januari
Tabitha yuko nyumbani. Amepika samaki, sato, harufu imejaa ua. Nimelala kochini mchana, bila kufua kitu. Masatu akapita mbele yangu kuelekea chooni. Nikaamka nikamfuata kama kawaida. Akanigeukia mlangoni.
"Baba, toka."
Akausukuma mlango kwa mikono miwili mpaka ukafungika. Nikabaki nje. Nikamsikia anahangaika na kaptula, anahema, anajisemesha mwenyewe. Tabitha kapita na sufuria, kauliza nafanya nini pale. Nikasema sifanyi kitu.
Nikaendelea kusimama.