Uongo Niliomzulia Athmani

Rafiki yangu Athmani,

Arubaini yako imepita juzi. Siku tuliyokuzika, runinga yenu ilikukumbuka: miaka thelathini ya kuwahoji wanasiasa wakaikata ikawa dakika mbili. Nami nilikuwamo, natokwa jasho kwenye kiti cha studio.

Wakati huo nilikuwa mbunge. Nilisema zahanati ya Kisumu Ndogo imekamilika, ukaniuliza kwa upole, "Mheshimiwa, mlango wake unaelekea wapi?" Mlango haukuwapo. Hata ukuta haukuwapo.

Nilishindwa uchaguzi. Miaka ikapita, tukakutana hapa Malindi, sote wastaafu, ukanivutia kiti ukaniagizia kahawa. Tangu hapo ikawa kila alasiri. Wewe hukuwa na kinyongo, Athmani. Mimi ndiye niliyekuwa na siri.

Kesho yake baada ya yale mahojiano niliwapigia simu wakubwa wako, nikawaambia umehongwa na mpinzani wangu. Uongo mtupu. Ndio uliokuondoa hewani mwaka mzima. Uliwahi kunisimulia mwaka huo: kazi ilirudi, ukasema, lakini kaka yako Swaleh aliuamini uvumi, akakata mguu nyumbani kwako. Nami nikakoroga kahawa isiyo na sukari.

Nilikuwa na miaka sita ya kukwambia. Sikukwambia.

Khitma ilipokwisha nilimweleza mkeo, Bi Zuhura. Aliendelea kukunja mkeka hadi mwisho, kisha akasema, "Mimi neno hilo sikuliamini hata siku moja. Nenda kamwambie aliyeliamini."

Nikaenda Mambrui. Swaleh alinikaribisha ndani kwa heshima zake, nikakataa kuketi, nikamwambia yote nimesimama. Hakunitukana. Ningependa anitukane. Aliuliza tu kama ulikuwa ukimtaja. Nikamjibu kwamba kila Idi ulikuwa ukisema, "Labda mwaka huu Swaleh atakuja." Akavua kofia akajifunika nayo uso, mzee mzima, mabega yakimtetemeka. Sikujua nishike wapi.

Jana alikwenda kwa Bi Zuhura. Akabisha hodi, akaketi kwenye kiti chako bila kujua ni chako. Hakuna aliyemwinua.

Sikuombi msamaha, nimechelewa, na aliyekufa hasumbuliwi. Lakini nakuahidi hili. Redio ya hapa mjini imenialika Jumamosi nije nikusifu. Nitakwenda, na kabla ya sifa yoyote nitaeleza nilichokufanyia, kwa jina langu kamili, wasikie wote walioambiwa kwamba ulihongwa. Wanangu watasikia pia. Na wasikie.

Pumzika, sahibu yangu. Mungu akuangazie huko uliko.

Atakayenihoji ni binti mmoja uliyemfundisha kazi wewe mwenyewe. Nimemwomba asinihurumie.

Wako,
Kahindi